Duara la Wifi Yangu

Wifi yangu alipata duara, mimi sikupata. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia naanza kusimulia miaka ile ya vita, hukaa mkao wa kusikia habari za risasi. Risasi zilikuwepo, nani hazijui. Lakini ukiniuliza ni nini kilichonikosesha usingizi Gitega wakati ule, haki ya Mungu nitakwambia: ni duara moja safi kwenye kisahani cha kioo, pana kiasi cha kulaza sarafu ndani yake isiguse ukingo, na duara lile halikuwa langu.

Nilifanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli ikiuzwa kwa chupa kando ya njia, na dawa za vidonda zimegeuka kitu cha kusimuliwa. Wodi ya majeruhi ilinuka hadi dirishani kwetu. Mkuu wetu wa maabara alikuwa mzee wa Kikongo kutoka upande wa Uvira, mtu wa tumbo la mbele na maneno ya haraka, sote tukimwita Shefu. Siku moja alipiga meza kwa kiganja.

"Bon! Dawa ya Bulaya haiko. Lakini majani iko. Kila mutu alete ile majani mama yake alikuwa anamutibia nayo. Tutaona kama inauwa hii vidudu ao inavisalimia tu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua usaha wa jipu la mgonjwa, maana humo ndimo vilimo vijidudu. Unavipanda juu ya supu ya ng'ombe isiyo na chumvi, iliyogandishwa ikawa kama jeli ndani ya kisahani. Unatoboa matundu madogo kwenye jeli ile, kila tundu unalitia maji ya mmea wako, unafunika, unaweka kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Umeme ukikatika, ambao ulikuwa unakatika kila ukipenda, tuliweka taa ya chemli ndani ya kabati na kuomba Mungu. Asubuhi unafungua. Kama dawa yako ni bure, kisahani kizima kimefunikwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Kama ina nguvu, kuzunguka tundu lake hakijaota kitu, pamebaki duara safi. Duara ndiyo heshima. Huna duara, rudi shamba.

Kuitoa nguvu ya majani kulitaka spiriti, nayo haikuwepo. Shefu akasema tutatumia kanyanga, ile pombe kali ya ndizi inayopikwa kwa kujificha, atairudishia motoni mwenyewe mpaka iwe inawaka. Na nani alitumwa kuifuata? Mimi! Binti wa nyumba ya Kiislamu, nimejitanda kanga yangu vizuri, napita Yoba, mtaa wetu, mchana kweupe na kidumu cha kanyanga mkononi. Wazee waliokuwa wanatoka kuswali wakakohoa wote kwa pamoja.

"Ni ya kazi, baba zangu," nikawaambia.

"Kila anayeinywa anasema ni ya kazi, binti," akajibu mmoja.

Nilileta majani ya kila aina. Mama mmoja wa Mutaho aliyekuwa anauza sokoni aliniuzia umuravumba, ule ambao kila nyumba ya Burundi inao kwa ajili ya kifua. Nikaleta umubirizi mchungu kama nyongo, nikaleta majani ya mpera, nikaleta na mizizi ambayo mwenyewe aliyeniuzia hakuijua jina. Umuravumba ulinipa ukingo mwembamba, wa kuonekana kwa kuinamisha kisahani dirishani na kukodoa macho. Mengine yote, hola! Vijidudu vilistawi kana kwamba nimevipikia pilau.

Sasa wifi yangu. Huyu alikuwa mke wa kaka yangu, na alifanya kazi maabara ile ile, meza ya pili kutoka yangu. Wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, akazaliwa na kusomea huko, akarudi muda mfupi kabla vita havijaanza. Wengi waliorudi naye walikimbia tena. Yeye alibaki kwa sababu alikuwa ameshaolewa kwetu. Kaka alipanga nyumba iliyopeana mgongo na yangu pale Yoba, uzio wa miti tu katikati, na kwenye uzio kuna upenyo ambao kuku na watu walipitia bila kubisha hodi.

Kiswahili chake kilinikera mpaka kwenye mifupa. Sisi tunasema "we, nipe ile chupa." Yeye anasema "samahani wifi, naomba unisogezee hiyo chupa." Unamsogezea, anasema "ahsante sana." Chupa tu! Kwetu ukisema ahsante sana kwa chupa, watu wanauliza kama unasafiri. Na kwa mama yangu kule Muyinga ndiyo usiseme. Anaingia, anapiga goti: "Shikamoo mama." Mama anayeyuka. "Mmemsikia mkamwana wangu? Mmesikia adabu hiyo?" Na mimi niliyembeba mama yangu mgongoni alipougua, naambiwa nikakoleze moto.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mi sikupona, niliugua.

Hata uwanja wangu alikuwa ananipangia. Nyuma ya choo changu kulikuwa na kichaka kimoja chenye majani ya manyoya, kinanuka kama beberu, kikichanua kinaleta nyuki. Nilitaka kukikata nipate pa kufunga kamba ya nguo. Wifi akasikia, akaja mbio kupitia kwenye upenyo: "Jamani wifi, kiache tu, kinakuzibia upepo." Nikamtazama. Upepo wa chooni unamhusu nini? Nikaacha, lakini moyoni nikasema huyu sasa amefika kunitawala mpaka chooni.

Hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni la dawa.

Mama yangu alijulikana Muyinga yote kwa dawa ya majipu na vidonda vibichi. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka vilima vya mbali, mguu umevimba kama mtungi, wakakaa ukumbini kwetu siku kadhaa, wakaondoka wanatembea. Dawa yenyewe alikwenda kuichuma kabla jua halijatoka, mdomo umefungwa. Mwenye kuchuma dawa hasalimii wala haitikii salamu, tangu anainuka hadi anamaliza. Ukikutana naye njiani unapita kama hujamwona. Nikiwa mtoto, kila alipofunga kanga kiunoni alfajiri, mimi nilitumwa maji upande mwingine kabisa. Nikirudi nakuta majani yameshapondwa, hayana sura.

Na kisa cha kutumwa maji kilikuwa kimoja: mimi ni msichana. Kwetu ilisemwa dawa haiolewi. Ukimwambia binti, ataolewa, ataipeleka nyumba ya watu, na nyumba yenu itabaki na vidonda vyake. Kwa hiyo dawa hupewa mke wa mtoto wa kiume, maana huyo ameingia, hatoki. Bibi mzaa baba alimpa mama yangu. Mama yangu atampa nani? Hesabu hiyo haihitaji kwenda shule.

Mama alikuwa amechoka. Kifua kilimbana, miguu ilianza kuvimba, na njia ya kutoka Gitega kwenda Muyinga ilikuwa ya kubahatisha: magari yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara wenyewe hutangazwa ukafutwa. Kila nilipoagana naye nilijiuliza kama ndiyo basi. Nilitaka anipe dawa yake kabla hajafumba macho. Si kwa ajili ya kutibu, nisikudanganye. Nilitaka anipe mimi.

Basi siku ile wifi alirudi kutoka Muyinga na furushi la kitenge begani. Nilimwona akishuka kwenye gari, nikaona alivyolishika, kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Nikasema moyoni: amepewa. Sikumuuliza. Nilimwambia tu pole na safari, yeye akaniambia ahsante sana, wifi.

Hazikupita siku nyingi akaja kazini na kichupa cha maji ya kijani yaliyoiva, akatoboa tundu lake, akatia, akafunika. Asubuhi Shefu ndiye aliyefungua kabati. Tukasikia kelele.

"Yooo! Mukuje muone! Muangalie hii kintu!"

Nikaenda kutazama. Utando wa maziwa kila mahali, na katikati duara jeusi la kioo kitupu, limekaa kama jicho linanitazama mimi. Watu wa meza zote walijaa. Muuguzi wa wodi ya majeruhi alipiga kigelegele. Shefu akamshika wifi mkono, akautikisa mpaka nikadhani utang'oka. "Hii majani ya nani?" akauliza. Wifi akainamisha macho: "Ni ya mama mkwe wangu." "Inaitwa namna gani?" "Samahani sana mzee, nimeapa kutosema." Na Shefu, ambaye mimi nikichelewa kidogo kazini ananikemea mpaka korido inasikia, akacheka akasema hakuna shida, kiapo ni kiapo.

Mama mkwe wangu! Mama yangu mimi, aliyenizaa mimi, amekuwa "mama mkwe wangu" mdomoni mwa mtu, na watu wanapiga vigelegele. Nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, nikanawa tena.

Siku mbili tatu sikumwangalia usoni. Halafu likanijia wazo, na lilikuwa tamu. Kanyanga! Sote tulikuwa tunatoa nguvu ya majani kwa kanyanga, na kanyanga yenyewe si mchezo, inaweza kuua vijidudu bila msaada wa jani la mtu. Majani yangu mimi nilikuwa nayaacha juani hadi pombe yote iruke, kama tulivyofundishwa. Yeye je? Nani alihakikisha? Kawaida ya kazi ni kutia pombe tupu kwenye tundu lake peke yake, ili uone ni nani anayeua, pombe au mmea. Lakini jeli ilikuwa haba, na Shefu alisema tusiipoteze kwa kupima kanyanga. Nikasema wallahi nitaipoteza.

Wifi alirudia kipimo chake. Alipotoka kwenda kula, nilifunua kisahani chake, nikatoboa tundu moja zaidi upande wa pili, nikalijaza kanyanga tupu, nikafunika. Nyumbani sikula. Nilimwona kwa macho yangu ya kesho: maduara mawili yanalingana, Shefu amekunja uso, wifi anatafuta neno zuri la Kitanzania la kujibu.

Asubuhi nikawahi kabla ya wote. Nikafungua.

Tundu la kanyanga lilikuwa limezungukwa na utando mpaka mlangoni. Hakuna hata ukingo. Na upande wa pili duara la wifi liko pale pale, safi, pana, halina wasiwasi. Yebabawe! Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia na viatu.

Ningekwenda kukitupa kisahani, lakini Shefu alikuwa ameshasimama nyuma yangu akipumua.

"Na hii tundu ya pili?"

"Kanyanga tupu," nikasema. Sikuwa na akili ya kutunga uongo.

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Akakigeuza kisahani kwenye mwanga, halafu akapaza sauti chumba kizima kisikie. "Voilà! Hii ndiyo kazi! Hapo mbele tulikuwa tunafurahi kama batoto. Sasa tuko na hakika: haiko pombe inauwa, iko majani. Kuuwa ndani ya kisahani haiko kuponya mutu, musisahau, lakini majani ya huyu mama iko na nguvu, na huyu dada amehakikisha!"

Yaani niliyekwenda kumvua taji ndiye niliyemvisha. Na wifi akaja meza yangu, machozi yanamlenga, akanishika mikono yote miwili: "Ahsante sana, wifi. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kwamba ni pombe. Umenisaidia mno." Kama angenicheka ningepona. Kunishukuru? Kuna ubaya unaozidi huo?

Nilifika nyumbani nimejaa hadi hapa. Mume wangu alikuwa anavuta kiti kivulini.

"Msafara wa Muyinga unaondoka kesho," nikamwambia. "Nakwenda kwa mama. Na kile kichaka kinachonuka nyuma ya choo, nikirudi nisikikute. Kata, ng'oa mpaka mizizi."

"Lakini wifi yako alisema..."

"Hiki choo ni cha wifi yangu au changu?"

Mume wangu huyu alikuwa mtu ambaye ukimwagiza kupigilia msumari, unazeeka ukiungoja. Sikuwa na haraka. Nilitaka tu neno langu litoke.

Tulikwenda Muyinga kwa kupitia Karuzi, polepole, askari wakishuka kila penye daraja. Kando zote mbili za barabara palikuwa pamefyekwa, vichaka vimekatwa kuondoa maficho, kumebaki visiki na udongo mwekundu. Nilitazama vile visiki bila kufikiri chochote. Nilikuwa nafikiri maneno nitakayomwambia mama.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imevimba, tasbihi mkononi. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumkuta ana nguvu za kukaa mwenyewe. Nilimwagilia maji ya kunawa, nikamkanda miguu, na nikiwa bado nimeishika miguu nikaanza.

"Mama, dawa yako nimeipima mimi mwenyewe. Nimeiona inaua. Umempa mke wa kaka, mi umeninyima kwa nini?"

"Mwanangu, unajua kwa nini. Dawa haiolewi."

"Mi si mtu wa nje! Mi nimekukanda miguu sasa hivi, yeye yuko wapi?"

"Yeye yuko Gitega," akasema mama, na akatabasamu, jambo lililoniudhi zaidi. "Sikiliza we. Mimi si mwenye dawa ile. Nilipewa na mama wa baba yako, nikashika Kitabu, nikaapa sitaitamka mbele ya binti. Unataka nife na kiapo shingoni?"

"Basi usitamke. Kesho alfajiri ukienda kuchuma nichukue tu, nitafumba mdomo, nitatazama kwa macho."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Kuchuma wapi? Hukuona njiani? Askari wamefyeka vyote, kuanzia barabarani mpaka mtoni. Muyinga hii kwa ninavyojua hakijabaki hata kijiti."

Nikabaki na mguu wake mkononi. "Na furushi la wifi? Alitoka hapa na furushi."

"Karanga. Kaka yako anapenda karanga zetu."

"Sasa wifi anachuma wapi?"

Mama akavuta punje za tasbihi, moja, nyingine, kama hakunisikia. Halafu, kwa sauti ya mtu anayebadilisha mazungumzo, akaniuliza: "Na ule mti nilioupanda nyuma ya choo chako, nilipokuja ulipojifungua mtoto wa kwanza? Bado unaleta nyuki?"

Nilikumbuka. Alikuja Yoba na mche umefungwa kwa jani la mgomba, akauchimbia yeye mwenyewe alfajiri, nikamsalimia hakuitika. Nilidhani amenuna kwa sababu uji nilioletewa ulikuwa mwepesi.

"Mama," nikasema.

"Mdomo walinifunga," akasema mama. "Mkono hawakunifunga. Nimekupa miaka yote hiyo. Mkamwana nilimwonyesha majani hapa, wakati bado yapo. Yeye akayatambua kwako, akanyamaza kwa sababu ya kiapo, naye kiapo hicho hicho alikula. Unafikiri anakuja kuchuma kwako saa ngapi, na we usingizi wako ninaujua?"

Sikumwambia nilichoagiza. Nililia tu, naye akadhani nalia kwa furaha, akanipapasa kichwa.

Msafara wa kurudi haukuwepo. Kesho yake haukuwepo, na siku iliyofuata wakasema labda. Simu hakuna. Nilizunguka ule ukumbi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilijifariji kwa uvivu wa mume wangu: mwanamume aliyeacha mlango wa jiko bila bawaba kwa masika mawili, kichaka atakikata lini? Sijawahi kumwombea mtu uvivu namna ile. Nilisali na kuomba, ee Mola, mfanye alale.

Gari likapatikana, tukaingia Gitega jua linazama. Sikupitia mbele. Nilizunguka moja kwa moja nyuma ya choo.

Udongo mtupu, umesawazishwa vizuri, na kamba ya nguo imeshafungwa.

Mume wangu akatokea akifuta mikono, anang'aa uso kwa fahari. "Umeona? Siku ile ile uliyoondoka. Nilisema safari hii hutanisema."

Nikakaa chini pale pale. "Matawi yako wapi? Mizizi iko wapi?"

"Wifi yako alikuja mbio. Alisimama hapo, mikono kichwani, nikafikiri mtu amefiwa. Halafu akaomba kuni. 'Shemeji, naomba hizo kuni.' Nikampa zote."

Kuni! Nikaelewa, na hata katika msiba ule wivu uliinua kichwa. Sasa kimekuwa chake chote. Mama alinipandia mimi, mimi nimemng'olea, mume wangu amempa mkononi, na ameomba. Atakiotesha kwa kaka, karibu na zizi la mbuzi, penye samadi nyeusi ambapo hata fimbo ikichomekwa inaota. Dawa imekwenda ilikotakiwa kwenda tangu mwanzo. Sikulala kwa kuufikiri ule uwanja wao.

Adhana ya alfajiri iliponiamsha kutoka usingizi nisioulala, nilichukua birika niende kutawadha. Nikasikia mtu anakwaruza udongo nyuma ya choo. Nikachungulia.

Wifi alikuwa amepiga magoti upande wangu wa uzio, kanga imefungwa kiunoni kama mama alivyokuwa akifunga. Mbele yake kulikuwa na gunia bichi, na ndani ya gunia visiki na vijiti vyote alivyochukua, karibu vyote vimenyauka, vimekuwa vyeusi. Alikuwa anavichagua kimoja kimoja na kuviweka kando. Akabaki na kisiki kimoja tu, mizizi michache, na ubavuni mwake chipukizi la manyoya dogo kama sikio la panya.

"Asalaam alaykum," nikasema, kwa mazoea.

Hakuitikia. Huyu wa samahani, huyu wa ahsante sana kwa chupa, alinitazama machoni na kuufunga mdomo wake. Halafu akaanza kukichimbia kile kisiki, polepole mno, mikono wazi, amejiweka upande ili nione jani, nione shina, nione kina cha shimo. Akakandamiza udongo kwa kiganja. Akanyoosha mkono, akachukua birika kutoka mkononi mwangu, akakimwagia maji yangu ya udhu, akanirudishia. Akakusanya vijiti vikavu, akainama, akapita kwenye upenyo kwenda kwake.

Kilikuwa kimoja tu kilichopona, na upande wao ndio wenye samadi. Ningekuwa yeye, mimi ningekipanda upande wangu.